Mhandisi wa Mazingira Anayetaka Ubunge Dar es Salaam Aanzie Wapi

Neno "jimbo" huwachanganya vijana wanaosoma habari za wahandisi wa mazingira walioingia katika siasa za Marekani. Kule jimbo ni dola ndogo ndani ya dola kubwa. Yako 50, na kila moja lina bunge lake linalotunga sheria za maji, taka na hewa, huku mamlaka za jimbo hilohilo zikitoa vibali na kukagua viwanda chini ya sheria za shirikisho kama ile ya Maji Safi ya 1972 na ile ya Maji Salama ya Kunywa ya 1974. Kwetu jimbo ni eneo la uchaguzi tu, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ni moja kwa Tanzania Bara yote. Kazi anayoifanya mtunga sheria wa jimbo la Marekani hapa imegawanywa kati ya watu wawili: mbunge anayekwenda Dodoma, na diwani anayepitisha sheria ndogo katika ukumbi wa halmashauri.

Kabla ya kuchukua fomu yoyote, basi, amua ni tatizo lipi linalokunyima usingizi, kwa sababu hilo ndilo litakalokuonyesha mlango wa kuingilia. Ikiwa ni mifereji ya mtaa inayoziba, ada ya taka inayokusanywa na gari lisionekane, au machinjio yanayomwaga damu mtoni, hayo yako mikononi mwa halmashauri, na nafasi yako ya kwanza ni udiwani. Ikiwa ni viwango vya majitaka ya viwandani, bajeti ya kupanua mtandao wa majitaka, au kifungu cha sheria kinachokataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, hapo ubunge ndio wenye nyenzo. Mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la madiwani pia, kwa hiyo hawezi kuukwepa mfereji hata akitaka.

Mimi huwashauri wahandisi waanze na udiwani, na karibu wote hununa. Huona kwamba mtu mwenye shahada na muhuri hawezi kugombea kata. Lakini Kamati ya Mipangomiji na Mazingira ya halmashauri ndiyo shule pekee ninayoijua ambamo mhandisi hujifunza jinsi ramani nzuri inavyokufa mezani kwa sababu hakuna aliyeitengea fedha. Katika halmashauri tano za mkoa huu, yaani Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, diwani mmoja anayeweza kusoma mchoro wa mkandarasi na kuona kwamba kalvati lililochorwa ni dogo kuliko mto wenyewe huokoa fedha nyingi kuliko hotuba kumi.

Sifa unazodaiwa na zile ambazo huulizwi

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, ibara ya 67, inamtaka mgombea ubunge awe raia, awe ametimiza umri wa miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe na chama hicho, na asiwe amehukumiwa kwa kosa la kukwepa kodi katika miaka mitano kabla ya uchaguzi. Shahada ya uhandisi wa mazingira uliyoihangaikia miaka minne Chuo Kikuu Ardhi haimo katika orodha hiyo. Mgombea binafsi naye hana nafasi: Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka suala hilo hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, akashinda 2013, lakini sharti la chama bado lipo. Mwanamke ana njia ya pili, ya viti maalumu, ambavyo kwa mujibu wa ibara ya 66 havipaswi kupungua asilimia 30 ya wabunge wengine. Hata hivyo majina ya viti hivyo hutoka katika orodha za vyama, kwa hiyo mlango ni uleule.

Taaluma haikupi tiketi, ila hukupa uzito ukiwa nayo kwa ukamilifu. Jisajili katika Bodi ya Usajili wa Wahandisi chini ya sheria yake ya 1997, na usitosheke na daraja la Mhandisi Mhitimu. Fika Mhandisi Mtaalamu kabla ya kuingia ulingoni. Ukiwa umefanya kazi za Tathmini ya Athari kwa Mazingira, hakikisha usajili wako kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira uko hai. Sababu yake ni ya kisiasa kabisa: siku utakayosema jambo gumu hadharani, mtu wa kwanza kukupinga atauliza kama wewe ni mhandisi wa kweli, na swali hilo litakufa pale pale ukiwa na namba ya usajili.

Fani yenyewe si lazima iwe ya mazingira. Profesa Mark Mwandosya, aliyekuwa mbunge wa Rungwe Mashariki kuanzia 2000, ni mhandisi wa umeme, na bado alishika mazingira katika Ofisi ya Makamu wa Rais, kisha wizara ya maji. Wewe mwenye fani ya mazingira unamzidi kwa jambo moja dogo, kwamba tope la bwawa la majitaka si habari ya kusimuliwa kwako.

Mtumishi wa umma aulize mapema, kwa maandishi, masharti ya kiutumishi yanayomhusu mtu anayegombea. Nimewaona watu wakiyagundua wiki ya kuchukua fomu.

Jifunze kusema mkutanoni

Mwaka wangu wa tatu kazini niliitwa kutoa maelezo katika mkutano wa hadhara wa mtaa mmoja wa bondeni, baada ya wakazi kulalamikia kisima kilichochimbwa hatua chache kutoka choo cha shimo. Nilisimama chini ya mwembe na karatasi ya maabara, nikaeleza habari za vijidudu vya kinyesi, mbinu za kuvihesabu na kiwango kinachoruhusiwa kwa dakika kama ishirini. Nilipomaliza, bibi mmoja aliyekaa mbele juu ya ndoo iliyopinduliwa akaniuliza: "Mwanangu, kwa hiyo tunywe au tusinywe?" Nikamjibu kwamba inategemea. Watu wakaangua kicheko, na mwenyekiti wa mtaa akahamia ajenda ya ulinzi shirikishi.

Jibu sahihi lilikuwa fupi: msinywe, fulieni tu, mpaka choo kile kihamishwe na kisima kitiwe dawa. Nilikuwa nalo kichwani wakati wote. Nililificha nyuma ya tahadhari za kitaalamu, na tahadhari hizo, ambazo katika ripoti ni adabu, mkutanoni zilionekana kama woga.

Zoezi ninalolipendekeza ni kugeuza kila namba iwe kitu ambacho msikilizaji amewahi kukibeba au kukilipia. Milimita 10 za mvua juu ya ekari moja ni karibu lita 40,000, yaani maboza manne ya lita 10,000. Sasa chukua usiku mmoja wa masika wenye mvua ya milimita 50: juu ya ekari moja ya mabati na sakafu za zege, ambako ardhi ya kufyonza haipo, yamemwagwa maboza 20, na yote yanatafuta mfereji mmoja ulioziba kwa chupa na mchanga. Mwenye nyumba hahitaji kujua kanuni ya kukokotoa mtiririko ili aelewe kwa nini maji yaliingia sebuleni. Hesabu yako, kwa upande wake, inabaki kuwa hesabu ya kweli ambayo mhandisi mwingine anaweza kuirudia na kupata jibu lilelile.

Tumia maneno yaliyopo. Watu wa Dar es Salaam wanajua majisafi na majitaka, wanalijua dampo, wanalijua gari la kunyonya choo, na wanajua kutapisha, ile tabia ya kutoboa choo usiku wa mvua ili tope kinyesi lichukuliwe na mafuriko. Ukisema "kutapisha" mkutanoni, wengine watainamisha macho, na hapo ndipo mazungumzo ya maana yanapoanza: bei ya gari la majitaka, upana wa uchochoro usioruhusu gari kupita, mwenye nyumba anayeishi mbali na wapangaji wake. Lugha hiyohiyo utaihitaji Dodoma, kwa kuwa mijadala ya Bunge ni ya Kiswahili, na tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria.

Jalada la jimbo

Kabla ya miaka miwili ya mwisho kuelekea uchaguzi, uwe na jalada. Tembea jimbo lako kwa miguu mara mbili kwa mwaka, wakati wa masika kati ya Machi na Mei, na wakati wa vuli kati ya Oktoba na Desemba, kwa sababu mfereji wa Agosti hauna la kukuambia. Ingia ndani ya nyumba, omba ruhusa, pima kwa futi ya fundi kutoka sakafuni hadi kwenye mstari wa matope ukutani, andika tarehe na jina la mtaa. Mistari hiyo huwa mingi katika ukuta mmoja, mmoja juu ya mwingine, na mama mwenye nyumba atakuonyesha upi ni wa mwaka gani kwa kutaja mtoto aliyezaliwa. Linganisha vipimo vyako na ramani za Ramani Huria, mradi ulioanza 2015 na kuwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko.

Jalada liwe na kurasa chache. Mahali palipo na tatizo, kipimo, picha, taasisi inayohusika, gharama ya makadirio. Kipengele cha nne ndicho kinachowashinda wengi: barabara hii ni ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, au ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, bomba hili ni la DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Dar es Salaam, kingo hizi ziko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, taka hizi ni za manispaa. Mpiga kura hana haja ya kujua mgawanyo huo, lakini mgombea asiyeujua ataahidi vitu ambavyo hakuna mtu katika mamlaka yake anayeweza kuvitekeleza.

Chama na fedha

Hapa nitapita haraka, kwa maana kila chama kina taratibu zake na hubadilika kila uchaguzi. Jiunge mapema, hudhuria vikao vya tawi na kata wakati hakuna uchaguzi, kwa sababu mwanachama anayeonekana tu mwaka wa kura za maoni, yaani kura za ndani ya chama za kuwapata wagombea, hujulikana kwa jina baya. Elewa pia kwamba kuongoza kura za maoni si kuteuliwa. Vikao vya juu ndivyo vyenye neno la mwisho.

Kuhusu fedha, soma Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 mwenyewe, usiachie wakala. Watakuja watu wakikuambia kwamba bila kanga na pilau hakuna kura. Zamani sheria ya uchaguzi iliruhusu kitu kilichoitwa takrima, ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, hadi Mahakama Kuu ilipoitangaza kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2006. Kati ya waliofungua shauri hilo ilikuwamo LEAT, asasi ya wanasheria watetezi wa mazingira, jambo ambalo wahandisi wenzangu hushangaa kulisikia. Mtu anayetetea mto anajua mapema kuliko wengine kwamba kibali kilichonunuliwa kilianza na kura iliyonunuliwa.

Wapiga kura wako wanaishi bondeni

Huu ndio mtihani ambao hakuna chuo kinachoutahini, na nataka kukaa nao kidogo. Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani hadi baharini karibu na daraja la zamani la Salenda. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwaacha maelfu bila makazi, na baadhi yao wakapewa viwanja Mabwepande mwaka uliofuata. Desemba 2015 nyumba za bondeni zilianza kubomolewa, na alama nyekundu za X zikawa zimejaa kutani. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa kuliendeleza bonde hilo, na ndani yake mna fidia kwa wanaohamishwa, jambo ambalo huko nyuma halikuwapo kwa namna hiyo.

Ukiwa mhandisi unajua kwamba bonde ni la mto, na mto utalidai. Ukiwa mgombea unajua kwamba waliopanga foleni kukupigia kura wamelala humo, wengine kabla ya sheria ya 2004 kuandikwa, wakiwa na leseni za makazi au risiti za kodi ya majengo. Wagombea wengi huchagua upande mmoja: ama huahidi kwamba hakuna nyumba itakayoguswa, ama husoma kifungu cha mita 60 kama hukumu. Wa kwanza anadanganya, na wa pili anasema kweli nusu.

Njia ninayoiona inafaa ni kusema mambo matatu kwa mpangilio huohuo, kila mara, mbele ya kila kundi. Kwanza, onyesha mstari wa maji ukutani na useme wazi kwamba utapanda tena. Pili, taja nani anastahili fidia na kwa ushahidi gani, na wasaidie watu kukusanya ushahidi huo kabla mthamini hajafika. Tatu, sema ni nini kitakachojengwa upande wa juu wa mto, Pugu na Ukonga, maana mafuriko ya Jangwani hutengenezwa na mabati ya huko juu na mchanga unaochimbwa mtoni. Utapoteza kura kadhaa kwa jambo la kwanza. Utazipata nyingine kwa la pili, hasa kwa akina mama wanaotunza nyaraka za nyumba kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro.

Ukishaapishwa

Mbunge mgeni mwenye taaluma hufikiria muswada. Kanuni zinaruhusu muswada binafsi, lakini ibara ya 99 ya Katiba inalizuia Bunge kushughulikia jambo la kuongeza kodi au kutoa fedha kutoka Mfuko Mkuu isipokuwa limependekezwa na Rais kupitia Waziri. Na ni mambo machache mno ya majitaka yasiyohitaji fedha. Kwa hiyo jifunze nyenzo nyingine.

Omba kupangwa katika Kamati ya Maji na Mazingira, lakini usisikitike ukipelekwa kwenye Kamati ya Sheria Ndogo. Viwango vyote unavyovijua, vya majitaka, kelele, taka hatarishi, vimo katika kanuni zinazotangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na kamati hiyo huzipitia baada ya kuwasilishwa Bungeni. Wabunge wengi huiona kuwa kamati kavu. Mhandisi anayeweza kuona kwamba kipimo kimeandikwa kwa kizio kisicho sahihi, au kwamba kanuni inadai uchunguzi ambao hakuna maabara ya kuufanya, amefika nyumbani.

Mkutano wa bajeti, kuanzia Aprili hadi Juni, ndio msimu wako wa mavuno. Soma taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu inapowasilishwa mwezi huo wa Aprili, utafute miradi ya maji ya jimbo lako, kisha usome fungu la wizara kasma kwa kasma. Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi, unaweza kuomba ufafanuzi juu ya mshahara wa Waziri, na usiporidhika unashika shilingi: unatoa hoja ya kuondoa shilingi moja katika mshahara huo hadi upate majibu. Wengine wataunga mkono kwa kusimama, mjadala utafunguliwa, na mwishowe utaombwa uiachie shilingi. Usiiachie kwa ahadi ya "tumelipokea". Omba tarehe na jina la eneo, viingie katika Taarifa Rasmi za mijadala ya Bunge, ili mwaka unaofuata usome ukurasa huo mbele ya Waziri yuleyule. Swali moja lenye kipimo, kwa mfano ni mita ngapi za bomba la majitaka zimelazwa kati ya zilizopangwa, humbana Waziri kuliko hotuba ya kusikitika.

Jimboni utakuwa mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009. Fedha zake ni ndogo kwa mfereji mkuu, lakini zinatosha makalvati ya mtaa, na mhandisi anajua ni lipi kati ya kumi likizibuliwa linawasaidia wengine tisa.

Jambo la mwisho ni kalamu yako ya mhandisi. Tangaza mali na madeni kama Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inavyotaka, unaposhika wadhifa na kila mwisho wa mwaka, na uache kabisa kuandika ripoti za tathmini kwa wawekezaji. Nilimwona kiongozi mmoja, simtaji, akiwa kwenye jalada la mradi kama mtaalamu na kwenye jukwaa la uzinduzi kama mgeni rasmi. Wakazi waliokuja na malalamiko ya vumbi hawakujua wamkabidhi yupi barua. Usajili wako wa Bodi uendelee kuulipia hata hivyo, kwani ubunge una mwisho wa miaka mitano.

Na usipoteuliwa, au ukashindwa, lile jalada lipelekee diwani aliyeshinda, hata kama ni wa chama kingine, umwombe akusainie nakala. Kamati za Bunge huita wadau kutoa maoni juu ya miswada. Treni ya umeme ya kwenda Dodoma ipo tangu 2024, unapanda asubuhi na karatasi zako mbili. Masika yakifika, rudi kwenye kuta zilezile na futi yako.